Kondoo Aliyelala Chali

Huko Brighton, Uingereza, kondoo hulishwa katika hifadhi za maua ya porini, maana wasipokula, vichaka hufunika nyasi yote. Watu wa kujitolea hufundishwa kwenda kuwakagua. Sisi tuliokulia machungani tutacheka: kuhesabu kondoo nako kunafundishwa? Lakini hebu tusikilize. Wanaangalia yupi anachechemea, kama maji yapo, ua haujabomoka, manyoya hayana funza. Zaidi ya yote wanamtafuta aliyelala chali. Kondoo wa manyoya mazito akipinduka hivyo hawezi kuinuka mwenyewe. Gesi hujaa tumboni, na kwa saa chache tu anaweza kufa. Dawa yake? Kumwinua, kisha kumshikilia mpaka miguu ipate nguvu. Hesabu ikipungua mmoja, lazima atafutwe.