Taa ya Eabegi Haioni Kila Kitu

Msikilizaji, ukifungua swichi ya Vitz au Honda Fit ya zamani, taa ya eabegi kwenye dashibodi huwaka sekunde chache, kisha huzima. Wengi huridhika hapo. Lakini taa hiyo hukagua njia ya umeme tu: waya uliokatika ndani ya usukani, soketi iliyolegea chini ya kiti. Ikibaki inawaka, huenda eabegi isifunguke kabisa. Ikizima, bado haijapima kemikali inayojaza mfuko. Baadhi ya eabegi za kampuni ya Takata zilitumia nitrati ya amonia, ambayo huharibiwa na joto na unyevu wa miaka mingi. Ikilipuka kupita kiasi, kasha la chuma hupasuka na vipande humrukia dereva. Mamilioni ya magari yaliitwa kubadilishiwa eabegi, na Takata ikaomba kufilisiwa mwaka 2017.

Utasema gari lako lilitoka Japani likiwa zima. Sawa, lakini joto la Mombasa na Dar es Salaam linaendelea na kazi yake. Na taa isiyowaka kabisa? Wapo wauzaji wanaong'oa balbu, na huo ni utapeli. Peleka namba ya chesisi kwa wakala wa mtengenezaji akague, na eabegi ya mtumba usiikubali.