Chini ya Chupa ya Chai

Nisogezeeni huo mto, mgongo una makelele. Haya. Wewe mume wangu, zima simu. Nawe mke mwenzangu, inua uso, fungate limekwisha na waliokuja kukutazama wamesharudi makwao. Shehe kawaambia ya haki na subira. Somo naye ana yake, mimi simo. Mimi nina la pipa la unga na la mkoba wa pesa.

Babu yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mkonge huko Ngomeni. Kila asubuhi aliniachia pesa ya mchuzi chini ya chupa ya chai, akatoka. Miaka kumi na moja sikujua mshahara wake ni kiasi gani. Kwa tulivyolelewa, kuuliza ilikuwa sawa na kumpekua mume mifukoni. Naye hakujua kilo ya mchele tunaila siku ngapi. Siku alipoanguka akalazwa, nikaenda dukani kuchukua sukari, mwenye duka akanifungulia daftari: kurasa mbili, jina lake juu mpaka chini. Sigara, mafuta ya taa, nauli za kwenda kwa mama yake. Nilirudi nikainama uvunguni nikatoa kopo la maziwa. Ndani yake mlikuwa na pesa yangu, naidunduliza kwa siri kutoka kwenye ile ya mchuzi, na ilitosha kulipa deni lote ikabaki. Yeye anakopa kwa kunificha, mimi naweka kwa kumficha, na chupa ya chai iko katikati inatutazama.

Kwa hiyo nataka daftari moja, lining'inie jikoni kwenye msumari, kila mmoja aandike alichotoa. Kama mwaona daftari ni ushamba, andikeni kwenye simu, lakini wote wawili muione.

Sasa sikilizeni hesabu yenu. Mke mwenzangu ni mwalimu, pesa yake ina tarehe. Wewe fundi wa madirisha ya aluminiamu, yako inakuja inapojisikia. Msizichanganye. Pesa yenye tarehe ibebe mambo yenye tarehe: kodi, maji, umeme. Isiyo na tarehe ibebe ya sokoni, na siku ukipata kazi ya ghorofa nzima usirudi na televisheni, jaza gunia la mchele na mtungi wa gesi, maana mvua za masika zikianza watu hawajengi.

Huko Dar es Salaam mmeniambia chumba na sebule laki moja na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Hiyo ni laki tisa. Laki tisa haikamatiki mwezi wa sita! Kila mshahara ukiingia, laki na nusu iondoke kwanza, kabla hamjanunua hata kiberiti, ikae mahali ambapo mkono haufiki kwa njaa ya jioni moja. Nimeona vijana wanakimbilia ile mikopo ya kausha damu siku mbili kabla ya kodi. Jina lenyewe limeshajieleza, bado mtu anakwenda kutia sahihi. Na muulizeni mapema mwenye nyumba habari ya kodi ya jengo, kwa sababu tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme ndiye anayeilipa bila kujijua.

Mnanicheka kwa miche ya sabuni juu ya kabati? Sisi tumeona 1979, vita vya Kagera vimekwisha, Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda miezi 18, nayo ikazaa miaka. Tulipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, na mawe tukiyaweka yatushikie nafasi. Ndipo nilipojifunza kukata mche wa sabuni vipande na kuuacha ukauke wiki kadhaa. Sabuni kavu haiyeyuki ovyo kwenye ndoo. Na sikuzoea tena kununua mafuta ya kupima kila jioni. Chukueni bei ya kipimo mnachopimiwa, zidisheni mpaka lita itimie, halafu muulize lita nzima ni kiasi gani. Mtakasirika.

Unga ukiota ukungu, mwageni. Msianike, msiwape kuku. Ile sumukuvu haifi kwa kupikwa, na kuku nao mtawala nyie wenyewe.

Mkisikia harufu ya gesi, fungeni mtungi, fungueni milango, na swichi ya taa msiiguse, maana gesi ile ni nzito, inatambaa sakafuni inangoja cheche. Mkiwasha mkaa siku gesi imekwisha, jiko lilale nje. Usingizi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hauna kuamka.

Wageni mtapata. Watengeeni fungu lao dogo kila mwezi, msije mkanuna mbele ya mama wa mtu. Mimi mwenyewe nitakuja baada ya Idi. Siku ya tatu nipeni jembe, na kwa kuwa pale hamna shamba, nipeni mchele niuchambue.

Kupika? Mimi nilipojifungua baba yako, babu yenu hakujua chumvi inakaa wapi, majirani wakamlisha kama yatima siku arobaini. Mjukuu wangu hatanitia aibu hiyo. Ndiyo maana nimewafungia mbuzi yangu ya kukunia nazi, ile ya mvule. Meno yake nimekwenda kuyanoa juzi. Jumamosi mke mwenzangu anasahihisha madaftari ya watoto, kwa hiyo atakayeikalia unamjua. Kwenye mzigo huo kuna hata madafu mawili ya njiani, na ungo uko chini, msiukandamize.

Haya nyanyukeni, basi la saa nne halimngoji bibi harusi.