Kibali cha Nyoka na Chupa ya Dawa

Waheshimiwa wauguzi, walimu na wazee mliofika kutoka pande za Masisi na Walikale, huku kwetu mashariki mwa Kongo, swali nililopewa ni hili: mtu auzaye wanyama wenye sumu ya kuua, ili wafugwe majumbani kwa kutazamwa tu, je, alazimishwe kuwa na kibali? Jibu langu ni ndiyo, wala sina shaka nalo. Ila kibali nikitakacho si kile kitolewacho huko wanyama hawa wanakofikia, na tofauti baina ya viwili hivyo ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Katika matete na mafunjo ya nyanda zetu za juu, hata kufikia kwenye mianzi, hukaa nyoka mdogo wa kijani mwenye madoa meusi, aitwaye na wataalamu Atheris nitschei, ambaye hujizungushia tawi kwa mkia, hula vyura na vinyonga na panya, na huzaa watoto walio hai badala ya kutaga. Ukiteremka Walikale, kwenye msitu mnene, utamkuta kifutu wa msituni, Bitis gabonica, mwenye meno ya sumu yafikiayo sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka yeyote duniani, naye hulala kimya juu ya majani makavu yaliyofanana naye rangi hata mguu ukamfikia kabla ya jicho. Uzuri wao ndio balaa lao, kwa kuwa wako Ulaya na Marekani watu wanaotoa fedha nyingi kuwaweka sebuleni ndani ya sanduku la kioo. Jamaa za huyu wa kijani, wale wenye vipembe juu ya macho wapatikanao milima ya Usambara, walisafirishwa kutoka Tanzania kwa miaka mingi, hadi Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Na zuio hilo lilipotangazwa kulegezwa kwa miezi 6 mwaka 2022, tangazo lenyewe lilifutwa upesi. Tamaa ya wanunuzi haichagui hata umbo, kwani Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu 4 faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa ajili ya sisimizi wavunaji, na vijana 2 wa Kibelgiji miongoni mwao walikutwa na wadudu hao wapatao 5,000.

Nchi za wanunuzi nazo zimeamka. Uingereza ina sheria tangu mwaka 1976 imlazimuyo mfugaji wa mnyama hatari kupata leseni ya halmashauri, kukaguliwa na daktari wa mifugo, na kuwa na bima. Huko Herne, Ujerumani, fira alitoroka ndani ya nyumba Agosti 2019, wakazi wapatao 30 wakahamishwa kwa siku kadhaa mpaka alipokamatwa, na tangu Januari 2021 jimbo lao la Nordrhein-Westfalen lina sheria yake mahususi ya wanyama wenye sumu. Sheria hizo ni njema. Lakini zisomeni mwanzo hadi mwisho mtazame ni nani aliyelindwa humo: ni jirani wa mnunuzi. Kijana aliyetumwa kuingia kwenye matete na kijiti chenye panda, mfuko wa kitambaa mkononi na miguu mitupu, hakutajwa. Hata mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, ambamo Kenya ilifaulu mwaka 2016 kuwaingiza nyoka wake 2 wa jamii hizi, hauulizi sumu ya nyoka ni kali kiasi gani. Huuliza amebaki kwa wingi gani.

Basi kibali chetu kiweje? Hapa watu wa Rubaya, mji wetu wa machimbo ya koltani, hawahitaji mwalimu, maana wameishi na etiketi. Wameziona zikifungwa kwenye mifuko ya madini hayo, kila moja na namba yake, ili mnunuzi wa mbali atulie moyo. Na wameona pia kwamba etiketi husema habari za mfuko wala haisemi habari za shimo. Tangu mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba koltani ya hapa ilivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Karatasi ifungwayo kwenye bidhaa husafiri pamoja na bidhaa, na aliyeumia shimoni hubaki. Kwa hiyo nasema kibali cha nyoka kisifungwe kwenye sanduku la nyoka. Kifungwe kwenye zahanati.

Nieleze. Nyumbani kwetu mama mmoja jirani alikuwa na jiwe jeusi, lile la mfupa wa ng'ombe uliochomwa, kubwa kama ncha ya kidole gumba, alilolitunza ndani ya kitambaa. Mtu akiumwa huchanjwa, jiwe hubandikwa, nalo hushika kwa kuwa hunyonya unyevu, na wote hutulia wakidhani linanyonya sumu. Halinyonyi sumu. Simlaumu mama yule, kwani hakuwa na kingine. Shirika la Afya Duniani lilikuingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa Juni 2017, nalo hukadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kila mwaka. Ilhali ile dawa ya FAV-Afrique, iliyotegemewa sana katika bara letu, kiwanda chake cha Ufaransa kiliacha kuitengeneza mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda Juni 2016.

Wako wasemao kwamba kijana aliyekosa shimo aachwe apate riziki kwa nyoka. Riziki yake naitaka kuliko wao, ndiyo maana nataka arudi nayo hai. Mfanyabiashara asipewe kibali mpaka aweke, kwa gharama yake, dawa ya kuzuia sumu ya nyoka yule yule amtakaye, katika zahanati iliyo karibu na mahali atakaponaswa, pamoja na muuguzi aliyefundishwa kuitumia na kupima damu kwa kuiacha dakika 20 ndani ya kichupa kikavu cha kioo, kisha kukiinamisha aone kama imeganda au bado yatiririka kama maji. Na kwa kuwa nyoka wetu wa kijani wa matete hajatengenezewa dawa yake mahususi mpaka leo, huyo asitolewe kibali kwa yeyote, kwa bei yoyote. Tarehe ya mwisho ya kibali iwe ni ile ile iliyopigwa chapa kwenye chupa ya dawa. Chupa ikiisha muda wake, nyoka asiguswe.