Chuo Kikuu na Jembe la Ufipa

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Sumbawanga)



Nimeombwa nieleze mwanafunzi wa Chuo Kikuu anapata nini akienda kujitolea kijijini. Jambo hili si geni. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe. Novemba 1974 Azimio la Musoma likataka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu ule umekwisha, swali lingalipo.

Jibu langu limo katika ntumba. Vijana wa hapa mnazijua, wageni mtuvumilie. Mvua zinapoelekea kukatika, udongo ungali na unyevu, mkulima wa Kifipa hufukia majani kwa mabonge ya udongo mpaka shamba likajaa vilima vidogo. Juu yake hupanda maharage. Ndani majani yanaoza. Mvua za Novemba zikianza, huvipasua, huutawanya udongo, husia ulezi. Ndiyo mbolea yake, wala hakwenda dukani.

Sasa tazameni likizo ndefu ya vyuo: huangukia kiangazi. Mwanafunzi anakuta majani makavu na vilima vya udongo vimekaa kimya. Anaandika kwamba ardhi imelala na mkulima hana maarifa. (Heri yetu ripoti nyingi huishia kabatini.)

Lakini akishika jembe mwezi Machi, mama mwenye nyumba ndiye mwalimu, na msomi ndiye mwenye malengelenge. Hapo anajifunza kuuliza kabla ya kushauri. Atauliza pia kwa nini vijiji vingi sasa vimechagua plau ya ng'ombe na mahindi, na ataambiwa: ntumba ni kazi ya mgongo. Asikimbilie kusifu ya kale kwa mgongo wa mwenziwe.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza tuwaandikie wakuu wa vyuo. Watupe wanafunzi wachache, wiki mbili Machi na wiki mbili Novemba, kijiji kile kile, nyumba ile ile. Najua ni wakati wa masomo. Ndiyo sababu ya barua. Chakula chao tuchange sisi, wenyeji wasilemewe. Mimi natoa madebe mawili ya unga. Karatasi ya majina anayo Katibu, pale mlangoni.