Mwili ni Amana



Ndugu zangu Waislamu, sisi vijana hupenda kusema, "Mwili ni wangu, nitautumia nitakavyo." La hasha! Mwili ni amana. Kila siku moyo hupiga mara kama 100,000, na figo huchuja lita kama 180 za maji ya damu, na hatujalipa hata senti.

Abdallah bin Amr bin Al-As (r.a.) alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume (s.a.w.) akamkataza, akamkumbusha haki ya mwili wake. Ikiwa aliyezidisha ibada alizuiliwa, je, sisi tunaofuturu kwa sigara na kukesha na muguka mpaka daku?

Na mzazi mwenye kisukari aliyekatazwa na daktari kufunga, jamani tusimseme. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa ruhusa. Akitarajiwa kupona, atalipa. Kama hapana, atalisha maskini. Kula kwake ni utiifu kama kufunga kwako.

Siku ya Kiyama midomo itazibwa, mikono na miguu ndiyo itakayosema. Itasema nini juu yetu?

Wabillahi tawfiq.