MAELEZO KUHUSU OMBI LA PROGRAMU YA SIMU KWA MAFUNZO YA KUSOMA RAMANI, MADALE



Tunaomba vijana wa Madale wanaojiandaa na mafunzo ya kijeshi ya kusoma ramani wapatiwe programu ya simu ya kuonyesha mahali mtu alipo. Ombi hili lina sharti.

Ramani zetu za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu hupokea ishara za setilaiti na kwa kawaida hutoa namba za msingi wa WGS 84. Namba hizo zikihamishiwa kwenye ramani bila kurekebishwa, mahali husogea takribani mita 300, yaani milimita 6 juu ya karatasi. Kwa kikosi kinachotafuta mwenzao aliyeumia usiku, huko ni ng'ambo ya bonde.

Hivyo, programu hiyo iweze kubadili msingi wa vipimo, ionyeshe miraba ya UTM ya kanda ya 37 Kusini, na ifanye kazi pasipo intaneti.

Aidha, mwanafunzi atangulize ramani, dira na kuhesabu hatua. Simu imhakiki baadaye. Betri huisha, dira haihitaji umeme.