Uwanja wa Majani Uliokanyagwa



Leo twapenda kunena nanyi habari ya kitu ambacho wengi wetu hukiona kila siku bila kukitia maanani, yaani kile kipande cha majani kilicho mbele ya nyumba. Hapo watoto hucheza, na wageni huketi jioni. Lakini mara nyingi ukoka uliopandwa kwa taabu huanza kunyauka mahali wapitapo watu, kisha hutokea upara mwekundu, mgumu kama sakafu.

Katika chuo chetu cha ualimu jambo hilo lilitupata. Majani ya mbele ya madarasa yalipokufa, sisi walimu tulisema, "Ni kiu." Tukawaamuru wanafunzi wateke maji mtoni kila jioni. Wakateka majuma mengi, ndoo kichwani, wakipanda kilima. Majani hayakupona. Tukawalaumu kuwa ni wavivu, tukadhani wamwaga maji njiani. Hata siku moja mwanafunzi mmoja akatuomba kwa adabu tusimame, tutazame. Akamimina ndoo yake juu ya ule upara. Maji yakateleza kama juu ya bati, yakaingia mferejini. Kisha akachimba kwa kisu pale pale, na chini kidogo tu udongo ulikuwa mkavu kabisa. Tuliona haya. Watoto wa watu walikuwa wakiunywesha mfereji.

Sababu yake ni nini? Udongo mzuri si kitu kizima kama jiwe. Karibu nusu yake ni nafasi, vijitundu vikubwa na vidogo, na humo hukaa maji na hewa. Mizizi nayo huhitaji hewa ili iishi. Basi miguu ikanyagapo mahali pamoja kila siku, hasa udongo ukiwa umelowa, vile vijitundu vikubwa ndivyo vinavyosongwa kwanza. Navyo ndivyo vipitishavyo maji na hewa. Hapo mvua haipenyi, mizizi haishuki, na jua la kiangazi huyamaliza majani. Tena mvua kubwa hukimbia juu ya upara ule, ikichukua udongo wa juu, ulio bora.

Kama mwataka kujua hali ya uwanja wenu, chukueni msumari mrefu siku moja baada ya mvua. Usukumeni kwa mkono karibu na ua, mahali pasipokanyagwa. Kisha usukumeni penye upara. Ukiingia kwa urahisi pale na kukataa hapa, ugonjwa mmekwisha kuujua.

Dawa yake ni kutoboa. Ngojeni mvua zianze, wakati ukoka unapoota kwa nguvu, ili upate kuziba majeraha yake. Udongo uwe na unyevunyevu, lakini usiwe tope, kwa maana kuukanyaga udongo wa tope ni kuuongezea ugonjwa. Shikeni uma wa bustani, mkaudidimize inchi 3 au 4, mkautikise kidogo, mkauchomoe. Kisha sogeeni inchi 4, mkafanye vivyo hivyo, mstari kwa mstari. Kama hamna uma, kipande cha bomba la chuma chenye unene wa kidole gumba chafaa, tena kwa udongo mgumu chafaa zaidi. Uma huusukuma udongo kando, bali bomba lililonolewa mdomo huutoa nje. Ligongeni kwa nyundo, lichomoeni, na kuusukuma udongo utoke kwa kijiti. Vipande hivyo viacheni juu ya majani. Vikikauka, vivunjeni na kuvitawanya kwa ufagio. Mwisho, nyunyizeni samadi ya zamani iliyochekechwa, mkaifagie iingie matunduni.

Kazi hii wako waifanyao bila ujira, nao ni nyungunyungu. Mtaalamu Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu kizima juu yao mwaka 1881, akaonyesha jinsi wanavyoupindua udongo na kuuleta juu kidogo kidogo. Samadi na majani yaliyooza ndiyo chakula chao. Wakiwekewa, huja wenyewe.

Lakini hayo yote ni bure ikiwa miguu itarudi pale pale. Hatuna budi kuiondoa asili ya ugonjwa. Sisi tulipanga mawe bapa mahali watu walipopenda kupita, na siku za mvua tukakataza michezo juu ya majani. Baada ya kutoboa, maji yaliingia ardhini. Ukoka, kwa kuwa ni mmea utambaao, ukaanza kurudi kutoka kingoni kuelekea katikati, mpaka upara ukafunikwa.

Kabla ya kuanza kutoboa tulifanya kazi nyingine, nayo ilikuwa ngumu kuliko ya uma. Tuliwakusanya wanafunzi, tukakiri mbele yao kwamba hawakuwa wavivu. Kosa lilikuwa letu, sisi tuliotoa amri bila kuinama na kutazama ardhi. Kisha walimu na wanafunzi tukashika zana pamoja.

Basi, ndugu zetu, nyumbani kwenu majani yakinyauka, msiharakishe kumtuma mtoto mtoni. Chukueni msumari kwanza.

Kwaherini.